Siku Niliyojitangaza Marehemu

Jumamosi, tarehe mosi Julai, mwaka 2000, baada ya chai na kabla sijafungua mlango wa ofisi yangu mjini Bariadi, niliketi mbele ya kompyuta nikaandika tangazo la kifo changu mwenyewe. Naanza na sentensi hiyo kwa makusudi, kwa sababu kila ninapojaribu kuisogeza hadi katikati ya mkasa, ili angalau mwanzoni nionekane mtu mwenye akili zake, wanaonijua hunikatiza na kusema, "Minza, anzia pale ulipokufa." Basi nimeanzia hapo. Aibu yenyewe nimeizoea kama mtu anavyozoea kovu la usoni, na sitawakataza kucheka (mume wangu, ambaye ni mtu wa huruma, alicheka mpaka akakaa chini), ila naomba mkimaliza kucheka mnisikilize, maana siku ile kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake jambo lile halikuwa kichekesho hata kidogo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa bado. Chama cha ushirika nilikofanya kazi ya takwimu kilikuwa kimebakiwa na jengo na mlinzi, pamba ilikuwa inanunuliwa na makampuni yaliyobadilika majina kila msimu, redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika kutoka Mwanza, na mimi, niliyepunguzwa kazini nikiwa na stashahada yangu na kozi ya kompyuta niliyoisomea Dar es Salaam, nilifungua chumba kimoja cha huduma za ofisi: kuchapa, kutoa nakala, kutuma faksi. Kazi iliyonipa jina ilikuwa matangazo. Zamani mtu aliyefiwa huko Sola au Migato ilimbidi amtume ndugu apande basi hadi Mwanza, akapange foleni redioni akiwa na karatasi yenye mhuri. Sasa alikuja kwangu, nikaandika, kompyuta ikapiga simu yenyewe kwa modemu, karatasi ikatokea upande wa pili, na tangazo likasomwa siku ileile. Vifo, harusi, ng'ombe waliopotea. Bila kujisifu (haya, kwa kujisifu kidogo), nilikuwa sauti ya wilaya.

Programu iliyofanya kazi hiyo niliiandika mwenyewe, nikaiita Tangaza. Ulikuwa unaandika jina lake, halafu kwenye mstari huohuo unaiongezea maagizo, kila agizo likitanguliwa na vistari viwili: --aina, ili ijue ni kifo, harusi au mifugo, --mahali, ili ijue shughuli itafanyika wapi, na lile nililolipenda kuliko yote, --jaribio, ambalo maana yake ni nionyeshe tangazo hapa kwenye skrini lakini usilitume popote. Kwa muda mrefu programu hiyo ilikuwa andiko moja refu, amri chini ya amri, na ilifanya kazi bila kinyongo. Lakini nilikuwa nimesoma kitabu (mnajua jinsi kitabu kipya kinavyoweza kumharibu mtu mzima) kilichofundisha kuandika programu kwa mtindo wa madarasa: unakuwa na darasa mama, langu nikaliita Tangazo, linalopokea maagizo, kuyatunza na kutuma faksi, halafu unakuwa na madarasa watoto, Harusi, Mifugo na Kifo, yanayorithi yote ya mama na kuongeza ya kwao. Wiki nzima nilikuwa nabomoa na kujenga. Harusi na Mifugo hayakuwa na mengi ya kuongeza, yakarithi kila kitu kama yalivyokikuta. Kifo lilikuwa na mambo mengi, jina la mfiwa, mahali pa mazishi, orodha ya ndugu wa kufikishiwa habari, kwa hiyo nikaliandikia mwanzo wake lenyewe, likawa linajipokelea maagizo lenyewe, na hapo nikasahau mstari mmoja, mmoja tu, ule wa kuyakabidhi maagizo hayo kwa darasa mama. Darasa mama halikuambiwa kwamba hili ni jaribio. Na nilikuwa nimelijenga hivi: lisipoambiwa kitu, hutuma.

Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilichojua ni kwamba nilijaribu Harusi, ikaonyesha na haikutuma. Nikajaribu Mifugo, ikaonyesha na haikutuma. Nikafika kwenye Kifo, vidole vikagoma juu ya jina. Wande, fundi cherehani wa chumba cha jirani, ambaye alikuwa amekuja kumalizia chai yangu kama ilivyokuwa desturi yake, aliona nimeganda.

"Kulikoni, dada?"

"Natafuta jina la marehemu."

"Andika Masanja Malimi. La kubuni."

"La kubuni? Kuna akina Masanja Malimi wangapi kutoka hapa hadi Maswa?"

"Basi andika Nkwabi."

"Nkwabi ni mume wangu, Wande."

"Ee, samahani. Andika nanihii tu."

"Nanihii atazikwa na nani?"

Mtacheka, lakini kwetu jambo hilo si dogo. Humwandiki mtu aliye hai kuwa amekufa, hata kwa mchezo, hata kwa penseli; akiumwa kichwa wiki ijayo utaulizwa. Na majina ya kwetu yanarudiwarudiwa kiasi kwamba hata ulilobuni kitandani kwako lina mwenyewe mahali fulani, anapalilia mtama. Mimi nina elimu yangu, tena ni mtu wa kanisani, ila nilipotazama skrini ile sikuweza kumwua mtu. Nikafikiri sana, nikaona liko jina moja tu ambalo nina haki nalo. Nikaandika: Minza Sitta. Mahali, Mkula, nyumbani kwa mama yangu. Chanzo, ghafla. Nikajaza na jina la mfiwa na la ndugu wa kufikishiwa habari, kama programu ilivyodai. Nikaweka --jaribio mwishoni, nikabonyeza.

"Toba!" Wande akaweka kikombe chini. "Dada, futa hiyo kitu."

"Ni jaribio."

"Kifo hakijui jaribio."

(Maneno hayo amenikumbusha mara nyingi tangu siku ile.) Tangazo likatokea kwenye skrini, limepangika vizuri mno, na badala ya kuridhika nikataka kuona kama agizo la mahali linafanya kazi sawasawa, kwa hiyo nikarudia amri ileile, safari hii nikaandika Sola, kwao mume wangu. Likatokea tena, zuri vilevile. Nikafungua mlango, wateja wakaingia, na nilipoona taa ya modemu inapepesa nikadhani ni tangazo la harusi la jana yake ambalo laini ilikuwa imelikataa.

Mchana nilikwenda sokoni. Saa saba ni saa ya matangazo ya vifo, na kila duka lenye redio huipandisha sauti, watu hunyamaza, hata mizani husimama. Nilikuwa nachagua nyanya. Mtangazaji, kwa ile sauti yake ya polepole kama anatembea juu ya vigae, akasema kwamba Bwana Nkwabi wa Bariadi anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpendwa, Bibi Minza Sitta, kilichotokea ghafla. Niliendelea kuchagua nyanya. Nadhani hata nilisema "maskini." Ndipo nikaona muuza nyanya ananitazama mdomo wazi, na mikono yake imekaa hewani kama inapokea kitu. Mtangazaji akaendelea kusema kuwa mazishi yatafanyika Mkula, akatulia kidogo, halafu akaongeza kwamba taarifa nyingine iliyowafikia kutoka hukohuko inasema mazishi yatafanyika Sola, na kwamba ndugu wanaombwa kuelewana.

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Mimi pia nilikuwa karibu kucheka, nawaambia ukweli; nilikuwa nimeshageuka, nimeinua mkono, nataka kusema jamani mimi huyu hapa, na soko zima lilikuwa limeanza kujaa ile kelele ya watu wanaojua kwamba wamepata habari ya mwezi mzima. Kisha yakaja maneno ya mwisho, niliyoyaandika mwenyewe asubuhi kwa vidole hivi: "Habari ziwafikie mama mzazi wa marehemu, Bibi Holo wa Mkula, na ndugu wote popote walipo." Kicheko kikanikauka. Kaka yangu Dotto alifia Dar es Salaam, na mama alizipata habari zake kwa njia hiyohiyo, yuko uani anabangua karanga, redio ya jirani ikamtajia jina lake kabla haijamtaja mtoto. Alianguka palepale. Tangu hapo ana presha, na tangu hapo nilikuwa mtoto pekee aliyebaki.

Nilikimbia. Mwanamke wa makamo, mwenye stashahada, nilikimbia katikati ya soko na nyanya ambazo sijazilipia, watu wakinipisha kwa haraka ambayo hawajawahi kumwonyesha mkuu wa wilaya. Ofisini nikapiga simu redioni. Akapokea dada mwenye sauti ya upole.

"Dada, naomba mkanushe tangazo la kifo cha Minza Sitta. Hakufa."

"Pole na msiba, mama."

"Hakuna msiba. Hakufa, nakwambia."

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Ndiye mimi."

Nilisikia akifunika simu kwa mkono na kumnong'oneza mtu. "Mama, kukanusha tunapokea kwa ndugu wa karibu wa marehemu, na aje na barua ya mtendaji wa kata."

"Ndugu wote wako njiani wanakuja kunizika!"

"Basi wakifika, mmoja wao atupigie."

Nikaweka simu. Mume wangu alikuwa Migato kwa kazi zake za ubwana shamba na hakuwa na simu. Mkula nako hapakuwa na nyumba yenye simu niliyoijua. Ilibaki barabara. Wande, ambaye alikuwa analia huku ananipiga mgongoni kwa hasira, alinivika kanga yake kichwani watu wasinitambue, akanisimamishia Fuso la kampuni moja ya pamba lililokuwa linarudi upande wa ziwa na magunia matupu. Nikapandishwa nyuma. Humo walikuwamo mzee mmoja na baiskeli yake, na mama mmoja na tenga la kuku.

"Mwadila, mayu," mzee akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. Nikaitikia chini ya kanga.

Hatujafika mbali mzee akaanza. "Mmesikia yule mwanamke wa kompyuta?"

"Nimesikia," akasema mama wa kuku. "Eti anazikwa sehemu mbili."

"Wasomi hao. Kiwiliwili Mkula, vyeti Sola."

Wakacheka wote wawili, na niwe mkweli, lilikuwa jibu zuri. Siku nyingine ningelisimulia kama langu. Nikajikunyata ndani ya kanga na vumbi, nikahesabu hii kuwa sehemu ya adhabu. Lakini yule mama akaacha kucheka ghafla.

"Tusimcheke, baba. Dume letu lilipopotea, yule ndiye aliyetutangazia, likaonekana. Nilifika pale na matope yangu miguuni, akanipa kiti chake. Akasema kaa, mayu, uandikishe vizuri." Akaanza kufuta macho kwa upindo wa kanga. "Alikuwa mtu."

Kusemwa vibaya ukiwa umejificha kunavumilika; kuliliwa hakuvumiliki. Nikafunua uso. "Mayu, usilie. Ni mimi."

Mzee alirudi nyuma na baiskeli yake mpaka ukingoni mwa bodi. Kuku walipiga kelele. Yule mama hakusogea, alinikodolea macho kwa muda, akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni mtu?"

"Ni mtu, mayu."

"Lete mkono."

Nikampa. Akaugeuza, akaufinya, akaunusa. "Una baridi."

"Ni upepo wa gari."

"Haya." Hakuuachia tena mkono ule hadi Lamadi, ama kwa kunihurumia ama kwa kuhakikisha sitoweki. Nilimsimulia yote, na alipokwisha kuyasikia hakuuliza habari ya kompyuta hata moja. Aliuliza, "Mama yako ana nguvu?" Nikageuza uso kutazama barabara.

Dereva, ambaye mzee alikuwa amemsimulia kwa kupiga paa la gari, aliacha njia yake akanishusha Mkula jirani kabisa na nyumbani. Nikaona moshi wa msiba, watu wengi uani. Binamu yangu mmoja aliyekuwa anatoka kisimani alinitazama, akatua ndoo taratibu sana kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kisha akakimbia. Kilio kikageuka kikawa kelele nyingine. Aliyebaki amesimama ni Mjomba Malimi, kaka yake mama, jembe mkononi.

"Minza," akasema, "kama ni wewe, simama hapohapo. Kama si wewe, rudi."

"Ni mimi, mjomba."

"Basi simama hapohapo."

"Mama yuko wapi?"

Mkono uliokuwa umeshika jembe ukashuka. Nadhani swali hilo ndilo lililonithibitisha kwake. "Zahanati," akasema. "Alianguka walipotaja jina lako."

Sikumbuki njia ya kwenda zahanati. Ninachokumbuka ni mlango wa bluu na nesi mnene aliyesimama katikati yake, mikono kiunoni, ambaye alikuwa na redio yake mwenyewe dirishani na hakuhitaji kutambulishwa.

"Huingii."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Presha yake ndiyo kwanza inashuka. Ukimtokea hivi ghafla, nitabaki na wewe mzima na yeye hapana."

"Nitaingia taratibu."

"Hakuna taratibu ya kufufuka, mama."

Nikaanza kumweleza. Nilisema mimi ni mtu niliyesoma, ninajua kupima hali ya mtu, kwamba ni hatari zaidi kumwacha mgonjwa na habari ya uongo kichwani, kwamba kuna utaratibu wa kumwandaa. Yeye akasema utaratibu huo ni yeye na anaufuata. Nikasema hana haki ya kumzuia mtoto. Akasema ana haki zote za mlango huu. Sauti zikapanda, zote mbili, mpaka tukawa tunapigiana kelele mbele ya wagonjwa wa malaria waliokuwa wamesahau kutetemeka. Na ndani, kwenye kitanda ambacho sikukiona, sauti niliyoijua ikasema, dhaifu lakini yenye uchungu wake uleule wa siku zote:

"Huyo ni Minza."

Nesi akageuka. "Mama Holo, lala."

"Huyo ni Minza, nakwambia. Maiti gani inabishana na nesi?"

Nesi aliingia peke yake kwanza, akampima, akakaa naye kidogo, akarudi akanipisha bila kunitazama. Mama alikuwa ameelekea ukutani. Alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akapapasa mpaka akanishika kifundo cha mkono, akabana. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, na kwa machozi pia. Sikujiandaa kwa mkono ule usionipiga wala kuniachia. Baadaye sana akauliza:

"Nani aliandika?"

"Mimi, mama."

"Na jina langu humo uliliweka wewe?"

"Nilikuweka wa kwanza."

Nikaanza kumweleza habari ya madarasa, na maagizo ambayo hayakufikishwa, na lile neno jaribio lililosimama mwisho wa mstari bila kusikilizwa na yeyote. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa. Kisha akasema, akiutazama ukuta, "Dotto naye walisema ghafla. Nilipokusikia wewe nilijiuliza kitu kimoja tu. Nani sasa atanizika mimi?" Kwa mara ya kwanza siku ile sikubishana.

Tulimrudisha nyumbani kesho yake asubuhi na mapema, na jua halijapanda vizuri pikapu ikaingia uani kutoka Sola, imejaa wakwe, mbele ameketi baba mdogo wa mume wangu na nyuma amesimama mume wangu Nkwabi, ambaye walimpitia Migato akiwa hajui hata avae nini. Baba mdogo alianza kusema kabla gari halijasimama.

"Ng'ombe tulitoa sisi! Mke wetu atazikwa kwetu, hata redio imesema!"

"Redio imesema Mkula kwanza!" akajibu Mjomba Malimi, ambaye alikuwa anajua fika kwamba niko jikoni nakoroga uji, lakini hakuweza kuacha hoja ipite.

"Ilisahihisha! Neno la mwisho ndilo neno!"

Nikatoka na sufuria. Wakanyamaza wote, isipokuwa mtu mmoja nyuma ya pikapu aliyeendelea na wimbo wa maombolezo kwa kuwa alikuwa amefumba macho. Nkwabi alishuka, akaja hadi mbele yangu, macho mekundu ya usiku mzima, akanigusa bega, akageuka akawatazama ndugu zake, akanigeukia tena. Ndipo akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na akiwa hapo chini nikaona kwamba kicheko kimekwisha na bado mabega yanatikisika.

"Mke wangu," akasema alipopata pumzi, "siku nyingine ukitaka nirudi mapema kutoka kazini, niandikie tu."

"Na dume tulilochinja Sola?" baba mdogo akauliza, kwa uchungu wa kweli. "Linaliwa kwa msiba wa nani?"

"Leteni nyama huku," akasema mjomba. "Tule kwa ajili ya aliye hai. Ni mara chache marehemu anapata nafasi ya kuionja."

Wakacheka, uji ukanywewa, watu wakaanza kunihesabia yale mazuri waliyoyasema juu yangu tangu jana na kudai niyalipe. Mama peke yake hakucheka. Alikaa mlangoni akinifuata kwa macho kila nilikokwenda, na nilipoingia ndani kuchukua kikombe niliona amenyanyuka nusu. Siku zote nilizokaa naye, ilipokaribia saa saba mchana alichukua jembe akaenda mbali shambani ambako redio haisikiki. Nilipoaga kurudi Bariadi, alinisindikiza hadi barabarani, akasimama, na mpaka gari linapinda hakuwa amepunga mkono.

Nimejifunza nini? Ule mstari uliokosekana niliuongeza siku niliyorudi. Ni mfupi kuliko jina langu. Kisha nikabadilisha lililo kubwa zaidi, nikalifanya darasa mama lisitume kamwe mpaka liambiwe wazi kwa agizo la --tuma, ili kusahau kwangu, ambako najua hakutaisha, kuzae ukimya, si msiba. Na nimejiapiza: sitaliweka tena jina la mtu aliye hai kwenye tangazo la kifo, langu mwenyewe likiwemo, maana niligundua kwamba jina nililodhani ni mali yangu peke yangu lina mtu mwingine anayelibeba kifuani. Wateja walirudi polepole. Wengine mpaka leo hunipa mkono kwa kutanguliza kidole kimoja.

Aliyekuwa hajarudi katika hali yake ni mama. Kila aliyetoka Mkula aliniambia hajambo, ila akisikia hatua za mtu uani anashtuka na kushika kifua. Wiki kadhaa zikapita, nikaiacha kompyuta, nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu kusoma alijifunza ukubwani katika masomo ya jioni na hupenda kusoma mwenyewe:

"Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, nikiwa mzima, nimetoka kula. Nkwabi hajambo, anakusalimu.

Mama, nilikuomba msamaha pale kitandani lakini niliuchanganya na maelezo mengi. Leo sina maelezo. Nisamehe. Uliniuliza swali na sikukujibu. Nitakuzika mimi, mama, siku hiyo ikifika, na isifike upesi. Mpaka hapo, habari zangu utazisikia kutoka kinywani mwangu, si kwa redio, wala kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Nakuja Jumamosi. Usiandae chochote. Nitashukia kule barabarani, na nikianza kushika njia ya nyumbani nitapiga hodi, nitaendelea kupiga hodi njia nzima, hata majirani wakinicheka, ili unisikie muda mrefu kabla ya kuniona. Wewe usinyanyuke. Itikia tu.

Mwanao,
Minza."